"Kindly revert": maswali yenu kuhusu neno moja linalotutesa maofisini

Nilitaja neno "revert" mara moja tu, tena kwa kupita, nikiwa naongelea Kiingereza cha barua za kazini, basi meseji zikaanza kumiminika, kumbe watu wamelibeba moyoni siku nyingi. Nimechagua machache, majina nimeyaacha, mengine nimeyafupisha maana kuna mdau kaandika kurasa mbili nzima na moja na nusu ni kumsema bosi wake.

Bosi wetu kila imeili anamalizia "Kindly revert". Anamaanisha jibu au anamaanisha rudi? Na hicho ni Kiingereza kweli? (Mdau, Arusha)

Anamaanisha jibu, we mjibu tu kabla hajakasirika.

Ila kiasili revert sio kujibu. Mwingereza wa kawaida ambaye hajawahi kufanya kazi na watu wa huku atakwambia revert ni kurudi kwenye hali ya zamani. Mtu kaacha sigara miaka miwili, kafiwa, kaanza tena, huyo ame-revert. Kijiji kimechongewa barabara na greda, masika yakaipitia, ikawa njia ya punda kama mwanzo, hiyo nayo ime-revert. Habari ya imeili haipo kabisa hapo.

Sasa hii maana ya "nijibu" ipo na ina wenyewe, nao ni wengi: India, Pakistan, Malaysia, Singapore, na sisi wa Afrika Mashariki, Nairobi na Dar zote mbili wanaitumia bila kujiuliza. Na madalali wa meli duniani nao wanaipenda, unakuta ujumbe mfupi "pls revert" na mwenzie wa bandari nyingine anajua hapo anadaiwa jibu. Kwa hiyo ukisikia mtu anakucheka kwamba hujui Kiingereza kwa sababu umeandika kindly revert, mwambie watu wanaoitumia hivyo ni wengi kuliko Waingereza wenyewe. Mimi siiti kosa. Ni Kiingereza cha kwetu, kina watu wake, shida inaanza kikitoka nje ya uzio.

Na najua kwa sababu mimi mwenyewe liliniponza. Zamani nilikuwa kwenye kampuni ndogo ya vipuri, tunaagiza kwa jamaa mmoja wa Ulaya. Akatuma kotesheni ya kwanza, tukalia bei kubwa, akatuma ya pili kashusha. Bosi wangu akataka tuulize kitu fulani kwenye ile ya kwanza maana usafiri ulikuwa umo ndani, akaniambia mwandikie kwamba Ijumaa tutairudia ile ya kwanza. Nikaandika, tena nimevaa tai siku hiyo, "We will revert to the first quotation by Friday." Alhamisi mchana ikaingia invoisi. Bei ya kwanza, ile ya juu, na neno la shukrani chini yake kwamba anafurahi tumekubali kurudi kwenye makubaliano ya awali. Wiki nzima ilienda kwenye kuirekebisha ile sentensi moja. Tangu siku hiyo nikimwandikia mtu wa mbali naandika "reply" au "let us know", neno dogo, halina makuu, halijawahi kunidai hela.

Neno lenyewe limetokea wapi? Mwanangu yuko sekondari kaniuliza nikababaika. (Mzazi, Morogoro)

Kilatini. Kuna kiambishi "re" chenye maana ya nyuma au tena, na kitenzi "vertere" yaani kugeuka au kugeuza. Likapita Ufaransa likaitwa "revertir", likaingia Uingereza kama mwaka 1300 hivi, na moja ya maana zake za mwanzo kabisa kule ilikuwa kuzinduka, mtu kazirai afu fahamu zimemrudia. Hiyo maana ilishakufa.

Ila mwambie mtoto utamu wa hili neno uko kwenye ukoo wake, maana nusu ya ukoo unaishi naye nyumbani bila kujua. Kile kidude cha sola ambacho fundi amekifunga ukutani, inveta, kinageuza umeme wa betri uwe umeme wa kuwasha tivii, humo ndani kuna vertere. Daivashen ya barabarani, pale wanapokugeuzia njia ya vumbi kwa sababu mkandarasi yuko site miezi tisa, vertere hiyo. Vesheni ya programu kwenye simu. Aniversari ya ndoa, mwaka umegeuka umerudi pale pale. Na talaka ya Kiingereza nayo, "divorce", ni ya ukoo huo huo, watu wawili wamegeukiana migongo kila mmoja kashika yake. Hata neno la kutangaza biashara, "advertise", maana ya ndani ni kumgeuza mtu shingo akutazame, na kwa kweli ukipita Kariakoo na zile spika zao utakubali. Daktari akikwambia una vertigo ni kizunguzungu, dunia inageuka, na zile pingili za uti wa mgongo wanaziita vertebra kwa sababu ndizo zinazokuwezesha kugeuka.

Halafu kuna vesi. Wasanii wetu wanasema "nimeandika vesi mbili bado korasi". Warumi waliita mstari wa shairi "versus", na neno hilo hilo ndilo la mstari wa plau shambani, kwa sababu mkulima akifika mwisho wa shamba anageuza ng'ombe anaanza mstari mwingine. Aliyewahi kulima na ng'ombe Shinyanga huko anaijua ile sekunde ya kugeuza, mshika plau anainua mikono, mtoto aliye mbele anavuta kamba, ng'ombe wa kulia anagoma. Basi mshairi naye akifika mwisho wa mstari anageuza. Mimi nikisoma shairi lililoandikwa vizuri huwa naliona lile shamba.

Revert na reverse si kitu kile kile tu? Mi naona zote ni rivasi. (Dereva, Tanga)

Kaka umegusa penyewe, ni ndugu wa tumbo moja, zote mbili kwa vertere. Ila kazi tofauti. Reverse ni wewe unafanya kitu kiende upande wa pili, au kiwe kinyume: unapiga rivasi, mahakama ya rufani inatengua hukumu ya chini, hizo ni reverse. Revert ni kitu chenyewe kinarudi kilivyokuwa. Gari likipiga rivasi linarudi nyuma ila bado ni gari, liki-revert ingebidi lirudi kuwa mawe ya chuma kule Liganga.

"Revert back" ni kosa? (Mwalimu, Kisumu)

Ni kama kusema "rudi nyuma kinyumenyume". "Re" ndiyo hiyo "back" yenyewe. Kwenye maongezi hakuna atakayekufunga, kwenye karatasi ya mtihani mwalimu mwenzangu utakata wewe mwenyewe.

Mzee wetu alikodi kiwanja akajenga fremu nne za maduka. Juzi tumesoma mkataba, umeandikwa kwa Kiingereza, kuna sehemu inasema mkataba ukiisha "the land and all developments thereon shall revert to the lessor". Tuelewe vipi? Tuna wasiwasi. (Familia, Mwanza)

Hili nalijibu taratibu maana hapa neno sio mchezo tena.

Kwenye sheria revert ina maana moja ngumu kama jiwe: haki inarudi kwa aliyeitoa. Mwenye ardhi alikupa kipande cha muda, muda ukiisha kile kipande kinamrudia, na kinamrudia chenyewe, kwa maana kwamba hahitaji kukinunua wala kukuomba. Hiyo haki yake ya kusubiri ardhi irudi ina jina kabisa kwa wanasheria wa Kiingereza, "reversion", na inaweza kuuzwa na kurithiwa wakati wewe bado unauza sukari humo ndani.

Hayo maneno mengine, "all developments thereon", ndiyo yenye meno zaidi. Ni vyote vilivyoendelezwa juu yake. Yaani fremu. Sheria ya Kiingereza ya zamani ilishaanzia hapo hapo, kwamba kilichopandwa au kujengwa kwenye ardhi kinafuata ardhi, na mkataba wenu umeamua kulisema waziwazi ili pasiwe na ubishi. Kwa hiyo kwa lugha tupu, mkataba ukiisha mwenye kiwanja anachukua kiwanja na fremu. Mimi ni mtu wa maneno sio wakili, mpelekeeni wakili huo mkataba wote sio ile sentensi tu, maana kunaweza kuwa na kipengele cha kuongeza muda au cha fidia ukurasa mwingine, na pelekeni sasa, msisubiri mwezi wa mwisho.

Mkitaka kuona hilo neno likifanya kazi kubwa, angalieni Hong Kong. Mwaka 1898 Uingereza ilikodi kwa China eneo linaloitwa New Territories kwa miaka 99. Kisiwa chenyewe cha Hong Kong ilikuwa imeshapewa moja kwa moja tangu 1842, hicho hakikuwa cha kukodi. Ila ile sehemu ya kukodi ndiyo kubwa, huwezi kuirudisha ukabaki na kisiwa peke yake, kwa hiyo mwaka 1984 wakakubaliana yote yarudi, na tarehe 1 Julai 1997 ikarudi, na magazeti ya Kiingereza yakaandika revert. Wajapani nao, Okinawa iliyokuwa mikononi mwa Marekani baada ya vita ilirudi Japani tarehe 15 Mei 1972, na hilo tukio kwa Kiingereza linaitwa reversion mpaka leo.

Na sisi tunacho cha kwetu, tena chenyewe kinafundisha zaidi kwa sababu hakikurudi. Ule ukanda wa maili kumi wa Mwambao wa Kenya, Mombasa, Malindi, Lamu, ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1895 Waingereza wakachukua kuuendesha huku wakimlipa kila mwaka. Waingereza walipokuwa wanaondoka wapo waliouliza, si wenyewe unamrudia mwenyewe? Haukumrudia. Oktoba 1963 yakafikiwa makubaliano Sultani aachie, na ulipofika uhuru Desemba ile ukanda ukawa Kenya moja kwa moja. Hapo neno revert lilikaa mlangoni likanyimwa kiti.

Na wenye hati za miaka 33, 66 au 99 hapa Tanzania, msije mkaniandikia kwa hofu wote siku moja, hiyo ni hadithi yake nyingine, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini na hati inaweza kuombewa muda mwingine. Someni tu masharti yaliyoko nyuma ya hati, wengi tunaangalia ramani na muhuri basi.

Huku Birmingham mtu akisilimu wenzetu hawasemi "convert", wanasema "revert". Shehe mmoja alisisitiza sana. Je kilugha ni sawa? (Msomaji, Uingereza)

Assalaam alaykum na salamu kwa wote wa huko. Kilugha ni sawa, na pia ni mahali ambapo neno limepewa imani ndani yake. Hoja inatokana na hadithi ya Mtume, iko kwa Bukhari na Muslim, kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani maumbile ya asili ya kumwelekea Mungu. Sasa kama ulizaliwa katika fitra ukalelewa kwingine, ukija kwenye Uislamu hujageuka kwenda mahali pageni, umerudi ulikotoka. Convert ni kugeuka, revert ni kurejea. Ndio maana wanasisitiza. Wapo Waislamu wanaosema convert na wala hawaoni tatizo, na mtu aliyesilimu mwenyewe ndiye wa kuulizwa anapenda aitweje.

Ila angalia mtego. Kwa Mwingereza asiye Mwislamu revert mara nyingi ina harufu mbaya kidogo, kurudi kwenye tabia uliyoiacha, kama yule wa sigara. Ukimwambia "my brother reverted" anaweza kukupa pole. Na sisi kwa Kiswahili tumetenganisha vizuri sana, kurejea ni kwema, na aliyeitoka dini tunasema ameritadi, ambalo kwa Kiarabu chake nalo ni kurudi nyuma. Kurudi huku na kurudi kule, na kati yao kuna tofauti ya pepo na moto.

Kingine, likiwa nomino ya kumtaja huyo aliyesilimu, "a revert", mkazo unakaa mbele, RE-vert. Likiwa kitenzi mkazo nyuma, re-VERT. Sawa na convert.

Naanza kujifunza programu, naona amri ya git revert. Nikaifanya nikidhani inafuta kosa langu, mbona kosa bado linaonekana kwenye historia? Aibu tupu. (Kijana, Kampala)

Haifuti mdogo wangu. Git ni programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, yaani yale maandishi ya programu yako, na revert yake inaandika badiliko jipya ambalo ni kinyume cha lile la zamani, kwa hiyo msimbo unarudi ulivyokuwa ila daftari linaonyesha zote mbili, ulikosea na ulirekebisha. Kama muhasibu, hafuti kwa rababa, anaandika mstari wa pili wa kusawazisha. Ya kufuta mistari ya nyuma ni reset, na hiyo kama wenzio wameshachukua kazi yako usiiguse kabla hujawaambia, utawavuruga. Ukweli revert hapa imetumika vizuri kuliko kwenye imeili zetu zote, hali imerudi lakini safari inaonekana.

Wahariri wa Wikipedia nao wanaitumia hivyo hivyo, na kwa Kiingereza kule kuna sheria ya kutorudisha ukurasa mmoja zaidi ya mara tatu ndani ya masaa 24, maana watu walikuwa wanapigana, huyu anaandika yule anarudisha, mpaka kunakucha.

Nimesoma kwamba kirusi cha matone ya polio kinaweza "revert". Ndo nini, nisimpeleke mtoto? (Mama, Dodoma)

Mpeleke. Matone yana kirusi kilichodhoofishwa. Kinachosemwa ni kwamba kwa nadra, mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, hicho kirusi dhaifu kikizunguka muda mrefu mtu hadi mtu kinaweza kubadilika kikarudia nguvu yake ya zamani, hiyo ndiyo revert. Na dawa ya hilo ni watoto wengi wachanjwe ili kisipate pa kuzunguka. Tangu mwishoni mwa 2020 Shirika la Afya Duniani liliruhusu toleo jipya la matone ya kirusi cha polio aina ya pili, lililotengenezwa lisigeuke kirahisi. Mengine muulize nesi wa kliniki, ana majibu kuliko mimi.

Kwa Kiswahili cha ofisini niandike nini badala ya "I will revert"? Nimeandika "nitakurudi" bosi akaniita. (Karani, Zanzibar)

Alikuita lazima! Kumrudi mtu ni kumwadabisha, mzazi anamrudi mtoto wake, wewe umemwandikia bosi kwamba utamtia adabu. Ulikuwa unataka "nitakurudia", na hiyo nayo mi siipendi, ina kitisho fulani, kama mgambo anaondoka sokoni anakuangalia jicho la pembeni.

Andika "nitakujibu". Ukitaka kuwa na heshima zaidi "nitakuletea jibu" na utaje siku. Kurejea nalo ni zuri ila limebeba kazi nyingi, kwenye barua zetu "rejea barua yako yenye Kumb. Na. fulani" maana yake angalia ile barua, wala sio kurudi popote. Hilo nalo ni la Kiarabu, ndugu na lile tunalolitamka msibani, inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, kwake tutarejea. Na akina mama wa vikoba wanalijua kwa upande wa hela, marejesho, na mtu asiyeleta marejesho anatafutwa hadi kwa mashemeji.

Kwenye WhatsApp "ntakucheki" inatosha.

Ukiambiwa na ofisi "thank you, we shall revert" baada ya intavyuu, unatakiwa usubiri siku ngapi? (Mhitimu, Mbeya)

Mi waliniambia hivyo mwaka 2014, ghorofa ya tatu, dada wa mapokezi akanipa na maji ya kunywa kabisa. Laini ya simu ni ile ile, sijabadilisha.